MWANAFUNZI ANAYEKWENDA CAIRO PEKE YAKE AANZE LINI KUJIANDAA?



Ndugu wasomaji, wapo vijana wa Kitanzania wanaokwenda kusoma katika nchi za Kiarabu. Baadhi huelekea Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, na wengine huelekea Al-Azhar, Cairo, ambayo msikiti wake ulifunguliwa mwaka 972. Makala haya ni kwa yule atakayetoka kwetu Murungu, au kijiji kingine chochote cha Kibondo na Kasulu, kwenda kukaa Cairo miaka kadhaa bila ndugu wala jirani. Wazazi nao wayasome, maana sehemu kubwa ya maandalizi iko mikononi mwao, na huanza mwaka mzima kabla ya safari, si wiki ile ya kununua begi.

JINA NA KARATASI

Jambo la kwanza ni jina. Shuleni kijana ameandikwa Mohamedi Isa, cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad Issa, na shahada ya madrasa inasema Muhammad bin Isa. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa aliyeko Cairo, ambaye hamjui kijana wala baba yake, hao ni watu watatu. Tena vyeti hivyo vitatafsiriwa kwa Kiarabu, na kila tofauti itazaa nyingine. Basi chukueni karatasi zote mziweke mezani, msome jina herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, nendeni RITA au kwa wakili awaelekeze hati ya kisheria ya kuthibitisha majina, na hilo lifanyike kabla ya kuomba pasipoti.

Pasipoti hutaka cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa uraia wa mzazi na namba ya NIDA. Hapa pana jambo la mkoa wetu. Tunapakana na Burundi, na wilaya zetu zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, kwa hiyo mwombaji wa Kibondo au Kasulu anaweza kuulizwa maswali ambayo wa Morogoro haulizwi: babu alizaliwa wapi, shamba lake liko kijiji gani, nani anamfahamu. Inaumiza kwa mtu ambaye hajui kwao kwingine, lakini hasira haisaidii dirishani. Mzazi afuatane na mtoto, wabebe barua ya mtendaji wa kijiji, na waanze mapema ili wakirudishwa mara moja au mbili muda uwe bado upo. Asiwepo wa kununua njia ya mkato. Maelezo ya uongo katika ombi la pasipoti ni kosa la jinai, na mwenye kutafuta elimu ya dini hawezi kuianza kwa uongo.

Vyeti vya shule kwa kawaida huhakikiwa na Baraza la Mitihani, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, kwa hiyo ulizeni kwanza kwa simu kila ofisi inataka nini, ili iwe safari moja. Kadi ya homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, basi usichanjwe siku ya kupanda ndege. Na mtu akikuahidi nafasi ya masomo kwa kutanguliza fedha, mwombe barua ya chuo yenye jina lako, uipeleke ubalozini ithibitishwe kabla ya kutoa hata shilingi.

KIARABU CHA KITABUNI NA CHA MTAANI

Mwanafunzi aliyemaliza nahau hapa madrasani hudhani lugha haitamsumbua. Atashangaa. Watu wa Cairo hutamka jimu kama "ga", kwa hiyo jamil huwa gamil. Herufi ya qaf huimeza, na kalamu, qalam, husikika alam. Mkate hawauiti khubz bali eshi, neno ambalo wewe umelisoma kwa maana ya maisha. "Nini?" ni eh, na "sasa" ni dilwaati. Usione haya kuzungumza Kiarabu cha kitabuni. Wanakielewa, kwani ndicho wanachokisikia katika hotuba na taarifa ya habari. Kazi iko kwako kuwaelewa wao. Anza sasa kusikiliza redio na video za Misri. Wageni wengi hupitia kwanza masomo ya lugha au maahad kabla ya kuingia kitivo, kwa hiyo mzazi asihesabu miaka minne tu.

SWALA NA SAUMU UGENINI

Sisi tunaelekea kaskazini, na mashariki kidogo. Cairo iko upande wa pili wa Makka, hivyo utaelekea kusini-mashariki. Kwetu Magharibi hubadilika kidogo tu mwaka mzima, lakini Cairo mwezi Desemba huingia karibu saa kumi na moja jioni, na Juni karibu saa mbili usiku. Ramadhani ya kiangazi huko ni ndefu kuliko uliyoizoea.

Njiani utapunguza na kukusanya swala. Ama ukishafika, kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, husali kamili. Mwanafunzi wa miaka minne si msafiri. Kwa mabinti liko suala la mahram, na familia ikae na sheikh wake kabla ya kujaza fomu yoyote.

UPWEKE

Mtume (s.a.w.) hakupenda mtu asafiri usiku peke yake. Tafuta mwenzako wa njia hata kama mtaachana uwanja wa ndege, na upate namba ya Mtanzania aliyeko Cairo atakayekupokea. Wiki ya kwanza jiandikishe ubalozi wetu. Tarehe 15 Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani, vita vilizuka Khartoum, ambako Watanzania wengi walikuwa wakisoma. Serikali iliwaondoa kupitia Ethiopia kabla mwezi huo haujaisha. Ubalozi hauwezi kumtafuta mtu usiyejua kama yupo.

Weka akiba ya dola usiyoigusa. Machi 2024 paundi ya Misri ilishuka kwa siku moja, kutoka takriban 31 kwa dola hadi karibu 50. Nguo hazina maneno mengi: sweta na koti, kwani usiku wa Januari ni nyuzi 10 hivi, ingawa sisi wa milimani tutavumilia kuliko wa Tanga.

Mwisho, tiketi. Saa zake si za Kiswahili. Ikiandikwa tarehe 15, 03:30, hiyo ni saa tisa na nusu usiku, nawe unatakiwa kufika uwanjani usiku wa tarehe 14. Baba aisome tiketi pamoja nawe kabla hamjakata basi la kutoka Kibondo.

Wabillahi tawfiq.