Vyombo vya Kushonea Ngozi kwa Mkono

Katika Kerende, kama katika nchi yote ya Wakurya, ng'ombe ni mali; lakini akiisha kuchinjwa, ngozi yake mara nyingi huuzwa mbichi kwa thamani ndogo, na mwenyewe hununua mkanda au kiatu kwa bei kubwa. Maagizo haya yameandikwa kwa ajili ya mtu atakaye kushona kitu chake cha kwanza kwa ngozi iliyokwisha kutengenezwa. Kitu hicho na kiwe ala ya kisu. Ni kidogo, na mshono wake ni mmoja. Wala mshono huo si pambo, maana ala ikifumuka kiunoni, kisu hukata paja la mwenyewe.

Yapasa kufahamu kwanza ya kwamba sindano haitoboi ngozi. Kitoboacho ni maharazi, yaani kile chuma chembamba chenye ncha na mpini wa mti; sindano hufuata tundu tu. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo asizimalize kwa vyombo vingi ving'aavyo, bali anunue maharazi mazuri.

Yako maharazi ya mviringo kama msumari, na yako yenye pande nne, bapa kidogo. Ya mviringo husukuma ngozi kando, na tundu hubaki wazi. Yenye pande nne hukata mpasuko mdogo, nao hujifunga tena juu ya uzi. Chagua haya ya pili, uyajaribu katika kipande cha ngozi: yasipopita kwa urahisi, yanoe juu ya kinoo laini, kisha uyasugue juu ya ngozi kuukuu. Wengi hudhani mkono wao ni dhaifu, kumbe chuma ni butu. Na chuma butu huteleza kikaingia kiganjani.

Mafundi viatu hutumia chuma chenye ndoano nchani, kivutacho uzi kutoka chini. Ni kazi ya upesi, nami siidharau. Lakini kwa ala namshauri mwanafunzi achukue sindano 2, kila moja katika ncha yake ya uzi mmoja. Kila tundu hupitiwa na zote mbili, moja kutoka kushoto, ya pili kutoka kulia. Hivyo uzi ukikatika upande mmoja, ule wa upande wa pili hushika bado. Ncha za sindano zisuguliwe jiweni mpaka ziwe butu, zisije zikachoma uzi uliokwisha kupita.

Uzi wa nguo haufai. Tafuta uzi wa kitani au wa poliesta, unene wake kama milimita 1, uupake nta ya nyuki, ambayo warina asali wanayo. Urefu wake uwe mara 4 ya urefu wa mshono, na shubiri 2 zaidi za kushikia.

Viko vyuma vya meno vya kupigia alama za matundu, navyo ni ghali. Uma wa mezani watosha: piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni, ubonyeze uma juu yake, na kila mara jino la kwanza lirudi katika alama ya mwisho. Kibanio nacho si cha kununua. Mbao 2 zilizofungwa chini, zikabanwa kwa magoti, huiacha mikono yote miwili huru.

Kabla ya kushona, tia ukanda mwembamba wa ngozi kati ya pande mbili za ala, upande wa makali ya kisu. Pasipo ukanda huo makali yatafika kwenye uzi, na hapo hata maharazi bora hayatasaidia neno. Mwisho wa mshono rudi nyuma matundu 2 au 3, ukate uzi karibu na ngozi, kisha uupige mshono polepole kwa nyundo upate kulala.

Atakaye kuendelea mbele, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi huko Mwanza ifundishayo kazi za ngozi.