Tiro: kisiwa kidogo, rekodi kubwa

Msomaji wa Biblia anaujua mji wa Tiro kwa jina la mfalme wake Hiramu, aliyempelekea Suleimani mierezi ya kujengea hekalu. Leo unaitwa Sur, kusini mwa Lebanoni. Wafoinike walioujenga juu ya kisiwa waliacha rekodi ambazo dola nyingi kubwa hazikuzifikia.

Kwanza, rangi ghali kuliko zote za kale: zambarau ya Tiro, iliyotengenezwa kwa konokono wa baharini. Ute wao hutoka karibu hauna rangi, ukipigwa na hewa na jua hugeuka njano, kijani, na mwisho zambarau isiyochuja. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000, akaambulia gramu 1.4 tu. Ndiyo maana ikawa rangi ya wafalme. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anaeleza kwamba viwanda vya rangi hiyo viliufanya mji usikalike, lakini ndivyo vilivyoutajirisha.

Pili, kwa kuzaa miji, Tiro ndio mama wa Cádiz, ng'ambo ya mlango wa Gibraltar, na wa Carthage, ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 814 KK.

Lakini rekodi inayonishangaza zaidi ni ya kuzingirwa. Nebukadreza wa Babeli aliuzingira Tiro miaka 13. Kisha mwaka 332 KK akaja Aleksanda Mkuu. Alipokataliwa kuingia kutoa sadaka katika hekalu la Melqart, mungu wa mji, aliubomoa mji wa Tiro uliokuwa bara na kwa mawe yake akajaza bahari, apate njia ya kufika kisiwani. Watu wa Tiro hawakukaa kumtazama. Walisukuma merikebu iliyowaka moto hadi kwenye minara yake ya kuzingira, wapiga mbizi wao wakakata kamba za nanga za merikebu zake mpaka askari wake Wamakedonia wakahamia minyororo, na kutoka ukutani wakamwaga mchanga uliopashwa moto, ukapenya ndani ya deraya na kuunguza ngozi. Mji ulianguka baada ya miezi saba. Watu wapatao 30,000 wakauzwa utumwani. Mchanga ulijikusanya kwenye tuta lile, na kisiwa hakijawa kisiwa tena hadi leo.

Iko rekodi moja inayotuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba karibu mwaka 600 KK, Farao Neko aliwatuma mabaharia Wafoinike (Herodotus hataji mji wao) waizunguke Afrika kuanzia Bahari ya Shamu. Walishuka nchi kavu kupanda nafaka na kuvuna, wakarudi mwaka wa tatu wakisema walipokuwa wakiizunguka Afrika jua lilikuwa kuliani mwao. Herodotus hakuliamini hilo. Lakini hivyo ndivyo jua linavyoonekana kwa anayepita kusini mwa Afrika kuelekea magharibi, na kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba walifika. Kama ni kweli, waliipita pwani yetu karibu miaka 2,100 kabla ya Vasco da Gama.