Vinasaba Mahakamani: Namba Isimdhulumu Mtu

Ndugu Waislamu, kanzu ya Nabii Yusuf (a.s.) iliyochanwa kwa nyuma ilimtakasa na tuhuma. Leo mahakama zetu hupokea ushahidi wa vinasaba, unaosimamiwa na sheria ya mwaka 2009.

Tuseme mkazi wa Titye, wilayani Kasulu, ameshitakiwa. Mtaalamu anaeleza kuwa vinasaba vilivyokutwa penye tukio vinalingana na vyake, na hulingana na mtu mmoja tu katika kila milioni. Je, uwezekano wa kuwa hana hatia ni mmoja katika milioni? La hasha! Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Hivyo wapatao 62 wangelingana navyo. Pasipo ushahidi mwingine, yeye ni mmoja wao tu. Basi tusihukumu kwa namba pekee.