Tarumbeta liliniaibisha harusini, noti za chini zikaniokoa!

Mpenzi msomaji, umewahi kuumbuliwa na kitu unachokipenda? Mimi niliumbuliwa na tarumbeta langu, tena kwenye harusi ya dada yangu wa tumbo moja!

Ilikuwa kwetu Katumba, kule Mpanda, makazi yaliyowapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, babu yangu akiwemo. Mimi nilikulia pale, kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisani.

Saa nane mchana, jua la utosi, bibi harusi huyo anaingia. Kinanda cha umeme kikaanza, nami nikadakia kwa mbwembwe. Jamani! Sauti yangu ilikuwa juu ya kinanda, kidogo tu, lakini kidogo kile kinachokwaruza masikio. Shangazi akakunja uso. Mpiga kinanda akanipa ishara: nyamaza. Dada akaingia bila tarumbeta nililomwahidi tangu utotoni.

Kesho yake nikamfuata mzee aliyenifundisha.

"Shikamoo mzee. Lile tarumbeta bovu."

"Marahaba. Tarumbeta halina kosa, mwanangu. Jana ulipuliza, hukusikiliza."

Akanipa darasa. Hewa ndani ya tarumbeta ikipata joto, sauti hupanda. Kinanda cha umeme hakijali jua. Dawa yake ni kuvuta nje kidogo mrija mkuu wa kutyuni. Halafu kuna re ya chini (valvu ya 1 na 3) na do diezi ya chini (zote tatu). Hizo hupanda zenyewe kwa maumbile ya chombo, kwa hiyo unasukuma nje mrija wa valvu ya tatu.

"Lakini chuma ni nusu ya kazi," akasema. "Nusu nyingine ni mdomo na sikio. Sasa shuka chini."

Chini wapi? Noti ya mwisho ya kawaida ni fa diezi, valvu zote zimebanwa. Chini ya hapo ndiko ziliko noti za pedali. Nikajaribu, ikatoka sauti ya pikipiki iliyogoma kuwaka! Mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

Siri ni hii. Noti za kawaida hushikwa na bomba lenyewe, hata ukizembea noti itatoka. Ukishuka kwenye do ya pedali, oktavu moja chini ya do ya chini, bomba halikusaidii tena. Ukilegea inashuka, ukikaza inapanda. Lazima uisikie kichwani kwanza, kisha midomo iifuate. Mwalimu maarufu wa Marekani, Claude Gordon, aliziweka noti hizi kwenye kitabu chake cha mazoezi cha 1965. Wapo walimu wasiozipenda, lakini mimi zilinifaa.

Wewe mpulizaji, fanya hivi: piga noti kwenye kinanda, iimbe, ndipo upulize. Shuka nusu toni moja moja, taratibu, bila kugandamiza chombo mdomoni. Dakika tano hadi kumi zinatosha, kisha pumzisha midomo. Ukirudi juu, sikiliza mawimbi: kinanda kikiwa 440 na wewe 442, utasikia "wo-wo" mara mbili kila sekunde. Mawimbi yakitulia, umefika.

Majirani walinichoka, eti nafuga chura. Nikavumilia.

Mwaka uliofuata dada akaleta mtoto kubatizwa. Jua lile lile, kinanda kile kile. Safari hii nilipuliza noti moja kwanza, nikasikiliza, nikavuta mrija kidogo, mawimbi yakafa. Nikaingia polepole. Shangazi hakukunja uso.

Baada ya ibada dada akanijia, mtoto mgongoni. "Kumbe unajua," akasema. "Basi ungenipigia na mimi!"

Deni hilo bado ninalo. Anaye mdogo wetu anayeolewa karibuni, nami kila alfajiri niko na chura wangu.