Sikio la mtoto hutoa sauti: Isiposikika, usingoje afike miaka miwili

Sikio halipokei sauti tu, nalo pia hutoa sauti. Ni ndogo mno: hata usiku, Kasingirima ikiwa kimya, huwezi kuisikia. Lakini maikrofoni ndogo ikiwekwa kwenye tundu la sikio huinasa, na inaweza kuonyesha kama kichanga cha siku mbili anasikia.

Inatoka wapi?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinywele; za safu za nje ni karibu 12,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, seli hizo hurefuka na kufupika harakaharaka ili kuikuza. Mtikisiko wake hurudi nje kama mwangwi.

Thomas Gold alibashiri jambo hili mwaka 1948, wengi hawakumwamini. Mwaka 1978 David Kemp, akiwa London, aliipima sauti yenyewe.

Usiichanganye na masikio kuvuma, kama yanavyovuma kwa mgonjwa aliyemeza kwinini. Hilo kwa kawaida ni jambo lingine.

Kipimo kikoje?

Mtoto akiwa amelala, huwekewa sikioni kifaa kidogo kinachotoa mlio na kusubiri mwangwi. Ni dakika chache, hakuna sindano.

Mwangwi usipopatikana, usikimbilie kusema mtoto ni kiziwi. Huenda sikio limeziba kwa majimaji ya uzazi. Kipimo hurudiwa, kisha hufuata kikubwa zaidi.

Kwa nini mapema?

Wataalamu hushauri mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hushika lugha, iwe ya mdomo au ya alama. Ile kauli ya "ataongea tu, hata baba yake alichelewa" inaweza kumpotezea mtoto muda usiorudi.

Kipimo hiki hakipo kila kituo cha afya. Kwa hiyo mwangalie mwanao: hashtuki mlango ukibamizwa? Ana miezi 6 na hageukii sauti ya mama? Mwambie nesi kliniki, uombe rufaa.

Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, hivyo ni vyema safari ianze mapema.