Je, Wajua? Vitone vya Mafuta Hubeba Maagizo ya Kijeni

Je, wajua kwamba chanjo za Pfizer na Moderna dhidi ya UVIKO-19 hazikuhitaji kirusi kubeba maagizo ya kijeni hadi ndani ya seli? RNA yake ilifungwa katika vitone vya mafuta vyenye upana wa takriban nanomita 100.

Siri imo katika aina moja ya mafuta hayo. Kwenye damu hayana chaji, kwa hiyo hayaisumbui sana miili yetu. Seli ikishakimeza kitone, hukitia kwenye kifuko chenye tindikali. Humo mafuta hupata chaji chanya, huvuruga utando wa kifuko, na mzigo hupenya nje. Sehemu kubwa ya mzigo haifiki nje ya kifuko: utafiti wa mwaka 2013 juu ya vipande vifupi vya RNA ulionyesha kuwa asilimia 1 hadi 2 tu ndivyo vilivyotoroka. Kuongeza kiwango hicho, kwa maoni yangu, ndiyo kazi yenye thamani kuliko zote katika fani hii.

Kwa vitone hivi, ini hufikika kwa urahisi. Patisiran, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa neva iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hufanya kazi humo. Ubongo bado ni mgumu kufikiwa.