Faini ya Maegesho Penye Kibao Kisichosomeka: Jinsi ya Kuipinga

Mkazi wa Kitui au Makueni anapotozwa faini ya maegesho, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Hubishana na askari wa kaunti hadi watu wakusanyike, au hulipa upesi ili aendelee na shughuli zake. Mabishano hayafuti faini. Kulipa ni sawa ikiwa kweli ulikosea. Lakini ikiwa kibao kilikuwa kimefunikwa na matawi, kimefifia, kimegeuka upande au kimebandikwa mabango hadi hakisomeki, sheria inakupa njia ya kuipinga faini hiyo. Kwa mwenye pikapu aliyeleta maembe Wote au ndengu mjini Kitui, faini moja yaweza kumeza faida ya siku nzima. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata.

Je, kibao kibovu kinafuta faini?

Si moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba kutojua sheria si kinga. Ukisema tu, "Sikujua hapa hairuhusiwi," hujajitetea.

Hata hivyo, kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinamlinda mtu aliyetenda jambo kwa kuamini, kwa nia njema na kwa sababu za msingi, kwamba hali ilikuwa tofauti na ilivyokuwa, isipokuwa pale ambapo sheria inayohusika imeuondoa utetezi huo. Kwa hiyo swali si kama wewe ulikiona kibao. Swali ni kama dereva yeyote makini, akitokea upande uliotokea wewe, saa ile ile, angeweza kukiona na kukielewa. Ushahidi wako wote ulenge swali hilo.

Pamoja na hayo, Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa njia ya haraka, halali na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri vibaya. Kuuliza sababu si ujeuri.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi kabla hujaondoka

Kibao kinaweza kupakwa rangi kesho, nawe ukakosa cha kuonyesha. Kabla hujaondoka:

- Piga picha ya kibao kwa karibu, kisha nyingine kutoka mahali dereva anapoketi akiingia barabara hiyo.
- Piga picha ya gari lako lilipo, pamoja na mistari iliyochorwa barabarani, au pale mistari inapofaa kuwepo lakini haipo.
- Piga picha ya barabara yote ili ionekane kama kuna kibao kingine karibu au hakuna.
- Ikiwa ilikuwa usiku, picha zako ziwe za usiku, zikionyesha kama taa za barabarani zilikuwa zikiwaka.
- Andika saa, jina la mtaa na namba ya faini. Mwombe mwenye duka jirani au mwendesha bodaboda aliyekuwepo akupe jina na namba ya simu, kama yuko tayari kuwa shahidi.

Usikate matawi wala kukisogeza kibao. Ukifanya hivyo utakuwa umeharibu ushahidi wako mwenyewe.

Hatua ya pili: tazama faini imetoka kwa nani

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la trafiki na maegesho. Ada na adhabu zake huwekwa na sheria za kaunti, hasa Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Kama karatasi imetoka kwa askari wa kaunti au ofisi ya mapato, rufaa yako inaanzia kaunti. Kama imetoka kwa polisi wa trafiki chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kaunti haina uwezo wa kuifuta, na jambo hilo huamuliwa kortini.

Angalia pia barabara ni ya nani. Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zimo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na vibao vya barabara kuu husimamiwa na KeNHA. Barabara inayotoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui nayo ni ya kitaifa. Ikiwa kibao unacholalamikia kiko kwenye barabara ya aina hiyo, ipelekee KeNHA nakala ya barua yako.

Hatua ya tatu: andika barua

Barua iende kwa ofisi ya mapato ya kaunti au kwa meneja wa manispaa, ikiwa mji wako una manispaa. Kama karatasi ya faini inataja siku za mwisho za kulalamika, fuata siku hizo. Kama haitaji, andika ndani ya siku chache. Peleka nakala mbili na uombe yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe.

Barua fupi inatosha. Kwa mfano:

"Napinga faini namba … niliyopewa tarehe … saa … katika mtaa wa …. Kibao cha kukataza maegesho kilikuwa kimefunikwa na matawi na hakikuonekana kutoka upande niliotokea. Hakukuwa na mistari barabarani wala kibao kingine. Nimeambatisha picha nne na jina la shahidi mmoja. Naomba faini hii ifutwe. Kama haitafutwa, naomba nipewe sababu kwa maandishi na kifungu cha sheria kilichotumika."

Zingatia neno "napinga". Ukiandika "naomba nisamehewe", utasomeka kama mtu aliyekubali kosa na sasa anaomba huruma. Tena, Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi au ada ya leseni uruhusiwe na sheria, na uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake. Usitegemee msamaha wa mdomo kutoka kwa askari au karani. Omba uamuzi ulioandikwa.

Katika barua hiyo hiyo, au nyingine, unaweza kuomba habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016: kibao kiliwekwa lini, kilikaguliwa lini mara ya mwisho, na eneo hilo limetajwa wapi kuwa haliruhusiwi. Ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Kama hakuna rekodi ya kibao hicho, jibu hilo litakusaidia.

Gari likiwa limefungwa au kuvutwa

Mara nyingi huwezi kungoja majibu huku gari likiwa limefungwa gurudumu na mzigo unaoza. Ukilazimika kulipa, lipa kwa njia rasmi pekee na uweke risiti au ujumbe wa M-Pesa. Siku hiyo hiyo andika kwamba umelipa ili gari litolewe na kwamba bado unapinga faini. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi bila risiti. Hiyo si faini bali ni hongo, na mtoaji na mpokeaji wote wana hatia chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016.

Ukifikishwa kortini

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao kwa neno moja. Unaposomewa shtaka, ukisema "ni kweli" ili uyamalize upesi, umekiri. Chini ya kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kuhusu hatia yenyewe. Anaweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Kama unaamini kibao hakikuonekana, kana shtaka na utoe picha zako.

Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema huna hatia hadi ithibitishwe. Kinakupa pia mkalimani bila malipo ikiwa huelewi lugha inayotumika kortini, kwa hiyo mzee anayezungumza Kikamba pekee hana sababu ya kukubali asichokielewa. Ukipatikana na hatia, una siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Kitui na Makueni.

Ofisi isipojibu

Chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, ofisi uliyoiomba sababu inapaswa kukupa kwa maandishi ndani ya miezi mitatu. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman. Huduma yake ni ya bure. Beba nakala yenye muhuri, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kwamba ulilalamika na ni lini.

Hata ukishinda, kibao bado kiko pale pale. Mjulishe msimamizi wa wadi yako mahali kilipo. Kisiporekebishwa, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinawaruhusu wakazi kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Na wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha, hudhuria, uulize ni maeneo gani ya mji wako yanayotozwa ada ya maegesho na ni mangapi kati ya hayo yana vibao vinavyosomeka.